Reidi ya Madabodi Si Mlinzi wa Kumbukumbu Zetu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuishi kuiona siku ambapo daftari lenyewe lingegeuka kuwa mali, nalo likaweza kupotea bila habari. Siku hiyo imekwisha kuwadia. Katika kaunti za Kitui na Makueni, kama ilivyo kwingineko nchini, rejesta za zahanati, alama za wanafunzi, hesabu za vyama vya ushirika na kumbukumbu za mikutano ya wananchi zinazidi kuyahama makabati ya chuma na kuingia ndani ya kompyuta. Swali ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha ni hili: humo ndani zinalindwa na nani?

Msomaji huenda akashangaa kumwona mwalimu wa isimu akijitosa katika mambo ya mafundi wa mitambo. Nina sababu mbili. Kwanza, nimeungua, na aliyeungua ana haki ya kuusema moto. Pili, nimekuja kutambua kwamba chanzo cha hasara yangu hakikuwa waya wala chuma, bali neno. Jina moja lilikuwa limepewa vitu viwili tofauti, nami nikauziwa kimoja nikidhani nimenunua kingine.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikirekodi masimulizi ya Kikamba kutoka kwa wazee wa Mutomo na Mwingi, upande wa Kitui, na wa Mbooni na Kibwezi, upande wa Makueni. Nia yangu ilikuwa kulinganisha matamshi ya pande hizo mbili, kwani Kikamba cha Kitui hakifanani kwa kila jambo na kile cha Makueni, na Kikamba cha vitabuni kimeegemea zaidi upande wa Machakos. Urefu wa irabu na kupanda na kushuka kwa sauti ni mambo ambayo kalamu huyanasa kwa shida. Yanahitaji sauti yenyewe ya msemaji.

Mzee mmoja wa Mutomo, baada ya kunisimulia kwa muda mrefu juu ya visima vya mchangani na majina yake, aliniuliza, "Mwalimu, maneno yangu haya utayaweka wapi?" Nikamjibu bila kusita, "Mzee, yatakaa mahali pawili kwa wakati mmoja. Pamoja pakiharibika, pengine papo." Sikukusudia kumdanganya. Nilikuwa nikirudia tu maneno ya mfanyabiashara aliyeniuzia kompyuta, ambaye alinihakikishia kwamba ilikuwa na diski mbili na "reidi ndani yake".

Reidi ni nini? Ni matamshi yetu ya herufi nne za Kiingereza, R, A, I na D, zinazotaja mpango wa kuziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Mpango huo ulipata jina hilo kwa watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walioutolea makala mwaka 1988. Wakati huo diski kubwa za kompyuta kuu zilikuwa ghali mno. Wataalamu hao wakaonyesha kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu zingeweza kushika nafasi ya diski moja kubwa, mradi tu ziwe na ziada ya kumbukumbu, ili moja ikifa nyingine zijaze pengo lake.

Katika jina hilo, herufi ya tatu, yaani I, awali ilisimama badala ya neno lenye maana ya "bei nafuu". Baadaye watengenezaji wakapenda isimame badala ya neno lenye maana ya "kujitegemea". Naomba msomaji ayashike maneno hayo mawili, unafuu na kujitegemea, kwa sababu mjadala wote umo humo. Unafuu waliouzungumzia wataalamu wa Berkeley ulikuwa wa diski. Haukuwa unafuu wa yule anayezilinda.

Leo zipo reidi za aina mbili kuu zinazouzwa kwa jina hilo moja. Ya kwanza ni kadi maalumu inayochomekwa ndani ya kompyuta. Kadi hiyo ina prosesa yake, ina kumbukumbu yake ya muda, na ile iliyo kamili ina betri au akiba nyingine ya umeme iliyo yake peke yake. Kompyuta huikabidhi kazi ya kuandika, nayo huitekeleza, huihesabu na kuisimamia. Hicho ndicho kidhibiti cha kweli. Ya pili ni ile inayokuja bure pamoja na bodi kuu ya kompyuta, ambayo mafundi wetu huiita madabodi. Ndani ya chipu za bodi hiyo hamna mlinzi. Mna maelekezo machache yanayoiwezesha kompyuta kuziona diski kama kundi wakati wa kuwaka. Baada ya hapo kazi yote huangukia programu ndogo iliyo katika mfumo endeshi na prosesa ile ile inayofungua barua zako na kuchapisha risiti zako. Mtegemea cha nduguye, walisema, hufa maskini.

Wakazi wa Kitui na Makueni hawahitaji kufundishwa hatari ya jina moja kwa vitu viwili. Asali ya nyuki wa Mwingi na maji ya sukari yaliyochemshwa yakakoza rangi huweza kukaa katika chupa za aina moja, zenye karatasi ya aina moja, na macho yasione tofauti. Tofauti huonekana siku ya kutumia. Reidi ya madabodi nayo haionyeshi ubovu wake siku ya kununuliwa. Hudhihirika siku ya dhiki.

Dhiki ya kwanza ni kupotea kwa stima. Kuna mpango wa reidi ambao hauweki nakala nzima, bali huweka jumla. Chukua diski tatu. Ya kwanza ina 4, ya pili ina 7, na ya tatu huhifadhi jumla, yaani 11. Ya pili ikifa, utatoa 4 katika 11 na kuipata 7 yako. Sasa tuseme karani anabadilisha ile 4 iwe 9. Diski ya kwanza imekwisha kuandikwa, lakini kabla jumla haijabadilishwa kuwa 16, stima inakatika. Diski ya tatu inabaki na 11. Hakuna atakayejua. Miezi mingi baadaye diski ya pili inakufa, kompyuta inatoa 9 katika 11, na kumrudishia karani 2 badala ya 7. Huo si upotevu wa kawaida. Ni uongo ulioandikwa kwa hati nzuri. Kidhibiti chenye betri hujikinga na jambo hilo kwa kuyashikilia maandishi ambayo hayajakamilika hadi umeme urudi, kisha huyamalizia. Reidi ya madabodi haina cha kushikilia wala mkono wa kushikia.

Wala kukatika kwa stima kwetu si jambo la kufikirika. Mwaka 2023 peke yake, tarehe 25 Agosti, tarehe 11 Novemba na tarehe 10 Desemba, giza lilitanda karibu nchi nzima. Ikiwa taa zilizimika katika uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta, karani wa zahanati ya kando ya barabara ya Mutomo ajiegemeze kwa nani?

Dhiki ya pili ni ukimya. Kidhibiti cha kweli hupiga king'ora, huwasha taa nyekundu, na kikipangwa vizuri hutuma ujumbe pindi diski moja inapokufa. Reidi za madabodi kwa kawaida huandika mstari mmoja kwenye kioo kompyuta inapowaka, mstari unaopita kabla mtu hajamaliza kuvuta kiti. Hiyo programu ndogo ya kutoa taarifa huwa mara nyingi haikuwekwa, au iliwekwa na mtu aliyekwisha kuhama ofisi.

Dhiki ya tatu ni utumwa kwa bodi. Mpangilio wa diski hizo hufuata lugha ya chipu za mtengenezaji fulani. Bodi ikiungua baada ya miaka mitano, haitoshi kununua bodi nyingine yoyote. Itafaa upate iliyo ya ukoo ule ule, nayo madukani huenda ilikwisha kutoweka zamani. Zaidi ya hayo, mpangilio wote huweza kutegemea betri ndogo kama sarafu iliyo kwenye bodi. Betri hiyo ikiisha, bodi husahau kwamba iliambiwa itumie reidi, na asubuhi yake diski mbili zilizokuwa kitu kimoja zinaamka kila moja kivyake.

Hayo matatu ndiyo yaliyonipata. Diski yangu moja ilikuwa imejitoa katika kundi kimyakimya, nami sikuona. Kwa muda wa miezi minane nilifanya kazi juu ya diski moja huku nikiamini ni mbili. Kisha stima ikapotea usiku, na iliporudi, ile betri ndogo ilikuwa imekwisha na bodi ilikuwa imesahau kila kitu. Fundi niliyemwita akaiwasha reidi upya, na bodi ikauliza swali ambalo hakuna aliyelielewa sawasawa: diski ipi iwe mfano kwa mwenzake? Ikachaguliwa ile iliyolala miezi minane. Muda wa saa chache baadaye diski zangu zilifanana kabisa, na zote mbili hazikuwa na lolote la miezi minane iliyopita. Maji yakimwagika hayazoleki.

Simlaumu fundi, wala sijitakasi. Kosa kubwa lilikuwa langu. Kwa kuamini kwamba nina mlinzi, nilikuwa nikizifuta kadi za kinasa sauti ili nizitumie tena katika safari iliyofuata, na sikuweka nakala nyingine popote. Niliweza kurudi Mbooni na Kibwezi kurekodi upya baadhi ya niliyopoteza. Mutomo nilirudi pia, lakini yule mzee wa visima alikuwa amekwisha kuzikwa.

Hebu tulinganishe. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849, kwa Kivoi, na mwaka 1850 akachapisha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwamo. Msweden Gerhard Lindblom alitoa kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba mwaka 1916. Maandishi hayo tunaweza kuyasoma hata leo, yakiwa na makosa yake na manufaa yake. Karatasi ya Krapf imeishi zaidi ya miaka 170. Sauti ya mzee wa Mutomo, iliyohifadhiwa kwa chombo cha kisasa, haikutimiza mwaka mmoja.

Haki inanidai niseme na ya upande wa pili. Kadi ya kweli si malaika. Ni ghali, na iliyo mpya na kamili huweza kupita bei ya kompyuta ya kawaida ya ofisini. Betri yake huchakaa na hutaka kubadilishwa. Yenyewe ikifa, inafaa uwe na nyingine inayoweza kuzisoma diski zile zile. Hoja ya zamani kwamba reidi ya madabodi huichosha prosesa nayo haina uzito sana leo, kwani prosesa za siku hizi zina nguvu za kutosha kwa hesabu hizo. Na kwa kijana anayechezea michezo ya kompyuta nyumbani, ambaye akipoteza kitu atakipata tena dukani, reidi ya madabodi haina ubaya wowote.

Aidha, ipo njia ya tatu, nayo ni mwafaka kwa wenye mfuko mwembamba. Mifumo endeshi kama Linux ina programu yake ya reidi, isiyolipiwa, ambayo haiifichi hali yake. Husema wazi kwamba kazi ni ya programu na prosesa. Nayo haina betri, na yafaa kompyuta yake iwe na betri ya nje ya kuishikilia hadi izimwe kwa utaratibu. Lakini ina sifa moja kubwa: bodi ikiungua, diski zake huhamishiwa kompyuta nyingine yenye Linux, ya aina yoyote, zikasomwa. Reidi ya madabodi ina udhaifu wa programu pamoja na utumwa wa kifaa, na kwa hivyo imekosa heri ya pande zote mbili.

Na lipo jambo moja ambalo hata kadi ya bei kubwa kabisa haiwezi kulitenda. Reidi ya aina yoyote si nakala ya akiba. Karani akifuta faili kwa bahati mbaya, reidi hulifuta katika diski zote kwa uaminifu mkubwa. Mwizi akiibeba kompyuta, ameibeba na reidi yake. Tena, diski moja ikifa, kuijaza upya ile iliyowekwa badala yake si kazi ya dakika. Diski ya terabaiti 4, hata ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde bila kupumzika, huchukua muda unaopita saa saba. Katika muda huo wote diski zilizobaki hufanyishwa kazi kuliko kawaida, na stima inaombewa isipotee.

Tufanyeje basi? Kwanza, ofisi za umma ziache kununua jina. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 yenyewe inataka mahitaji ya zabuni yaelezwe kwa uwazi na kwa ukamilifu. Zabuni inayosema tu "kompyuta iwe na reidi" haijaeleza chochote, kwa maana kila madabodi ya bei ya chini itajibu kwamba inayo, na mwenye bei ndogo atashinda kwa haki. Badala ya jina, tuulize kazi. Hesabu za ulinzi zinafanywa na nani? Stima ikikatika katikati ya kuandika, nani anayashikilia maandishi? Diski ikifa, nani atapiga kelele, na mtu gani atasikia? Na kifaa hiki chenyewe kikiungua, nitazisoma diski zangu kwa kifaa gani, nitakipata wapi? Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo manne kwa maandishi asipewe fedha za wananchi.

Pili, zile seva zinazobeba kumbukumbu za wagonjwa na za mapato ya kaunti zipewe kidhibiti cha kweli chenye betri na kadi ya akiba kabatini, au zipewe reidi ya programu iliyosimamiwa na mtu anayeijua. Shule na vyama vidogo vitosheke na hiyo ya programu. Kilicho muhimu ni kwamba katika zote mbili tutajua tunamtegemea nani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imewatwika wanaoshika habari za watu wajibu wa kuzilinda zisipotee, na mgonjwa wa Makindu hatafarijika kuambiwa kwamba rekodi zake zilipotea chini ya kitu kilichoitwa reidi.

Tatu, na hili halihitaji fedha nyingi, kila kumbukumbu iwe na nakala nyingine nje ya jengo ilimo. Hapa nina pendekezo. Jamii ya Ukambani ina desturi ya mwethya, yaani watu kukusanyika na kufanyiana kazi kwa zamu. Ndiyo desturi iliyojenga mabwawa mengi ya mchanga katika mito mikavu ya Kitui na Makueni, ukuta ukishindiliwa hadi kwenye mwamba ili maji yajifiche mchangani yasubiri kiangazi. Kila aliyebeba jiwe huko anajua kwamba ukuta usiofika kwenye mwamba huonekana mzima, lakini maji hupita chini yake. Kwa nini kaunti hizi mbili zisifanyiane mwethya wa kumbukumbu? Nakala za Kitui, zikiwa zimefungwa kwa siri asiweze kuzisoma asiyeruhusiwa, zihifadhiwe Wote. Za Makueni zihifadhiwe Kitui. Nacho Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2013 na chenye makao makuu Kitui, kinaweza kuwa mahali pafaapo pa kuhifadhia sauti za wazee wa pande zote mbili.

Wako watakaosema kwamba katika nchi ya ukame mtu hulilia maji, si diski. Ni kweli kwamba maji hutangulia. Lakini aliyejua kisima kipi hakikauki, na kwa nini kiliitwa hivyo, alikuwa mzee wa Mutomo, na ujuzi huo ulikuwa umo ndani ya diski. Anayepoteza kumbukumbu za maji atachimba mara ya pili mahali ambapo babu yake alikwisha kushindwa.

Siku hizi, kabla sijakiwasha kinasa sauti, wazee bado huniuliza maneno yao nitayaweka wapi. Sitaji tena kifaa. Nawaambia kwamba nakala moja itakuwa chuoni, ya pili itakuwa mji mwingine, na ya tatu nitawaletea wajukuu wao waisikilize. Jibu hilo naweza kulitetea. Ni wakati sasa ofisi zetu, zinapoulizwa na mwananchi swali hilo hilo, ziwe na jibu la namna hiyo.